Shoga, Hanithi na Sheria ya Mgeni

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ni mji mdogo katika nchi ya Wasukuma, mbali na bahari. Kiswahili kilipoingia huko kilikwenda na maneno yake yote, na mojawapo ni shoga. Kwetu pwani neno hilo kwanza ni la wanawake: mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike. Mwanamume akiitwa shoga, amehamishiwa upande wa wanawake, kwa mzaha au kwa tusi.

Hanithi limetokana na Kiarabu. Mwaka 1977 Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, aliandika juu ya mahanithi wa Sohar, Omani, walioimba harusini na kuruhusiwa kuuona uso wa bibi harusi. Mombasa nako, Gill Shepherd alieleza mwaka 1987 kwamba mashoga na wasagaji walijulikana na majirani, na kwamba cheo na mali vilimpima mtu kuliko mapenzi yake. Nisiipambe hali hiyo. Tajiri alisitiriwa, maskini alichekwa.

Watu husema mambo haya yameletwa na wageni. Kilicholetwa na wageni ni kifungo. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilivuka bahari pamoja na utawala wa Waingereza, na Tanganyika ikatungiwa ya kwake mwaka 1930. Humo mna tendo linaloelezwa kuwa ni kinyume cha maumbile, maneno ambayo mfasiri huyatilia shaka, maana sheria haikuyafafanua, iliwaachia mahakimu. Uingereza yenyewe ilianza kuilegeza sheria yake mwaka 1967, na Mahakama ya Juu ya India ikaitengua ya kwao kwa watu wazima walioridhiana mwaka 2018. Tanzania ilikwenda njia nyingine: tangu mwaka 1998 adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30.

Miaka hiyo ni ile ile Dar es Salaam na Lagangabilili, lakini uzito haulingani. Jijini kijana anaweza kuhama mtaa; huko, kuhama mtaa ni kuhama mji na ukoo. Naye akitaka ushauri wa Ukimwi bila kujieleza mbele ya jamaa zake, atakwenda wapi? Mwezi Februari 2017 Serikali ilisimamisha huduma za Ukimwi katika vituo 40 vilivyohudumia watu wa namna yake.