Sauti Iliyofika Burma

Novemba 1941 BBC ilianza kurusha Sincerely Yours, kipindi cha Jumapili cha Vera Lynn, mwimbaji wa Kiingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliimba, akasoma salamu. Wakati mwingine alipita hospitalini kumwona mama aliyejifungua, kisha akampasha habari baba aliyekuwa vitani. Baadhi ya wakubwa walinung'unika: nyimbo laini zingelegeza askari! Askari wenyewe walimwandikia barua kwa maelfu.

Mwaka 1944 alikwenda Burma (Myanmar ya leo) kuwaimbia askari, kwenye joto na mbu. Alisimulia baadaye kwamba askari mmoja alimwambia kumbe nyumbani si mbali, maadamu yeye amefika.

Mwaka 1985 Lynn alipewa nishani ya Burma Star, ileile waliyovaa askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Afrika Mashariki waliopigana huko.