Mkoba wa Liyongo na mfuko usio na uzito

Wagala wamefika Pate, wamesikia sifa za shujaa Fumo Liyongo, na wanataka kumwona kwa macho yao. Liyongo anakuja na mkoba begani. Anautua chini, anaanza kutoa: kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu, mafiga. Wageni wanabaki vinywa wazi. Hakuna jini ndani ya mkoba ule wala talasimu iliyoshonewa pembeni. Ni mkoba tu, na vitu vilivyomo vina uzito uleule vilio nao jikoni kwako na kwangu. Ajabu ni bega. Edward Steere alikichapa kisa cha Liyongo kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913.

Sasa chukua mkoba mwingine, ule wa mchezo wa Dungeons & Dragons. Unaingia mzigo wa ratili 500, lakini mkoba wenyewe hauzidi ratili 15, uwe mtupu au umejaa. Ukitoboka, vilivyomo vinatawanyika katika ulimwengu mwingine na hasara ni yako. Usipotoboka, unatembea umebeba ghala zima na bega halijui.

Tangu nianze kuwaendeshea wapwa zangu michezo ya namna hii, mikoba hii miwili hainitoki akilini. Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne au watano wanakaa pamoja, mmoja ndiye msimulizi, kila mmoja wa wengine ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka wanarusha dadu. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa wa kwanza kuchapwa huko Marekani mwaka 1974, na tangu hapo imezaliwa mingine mingi. Sisi tunacheza kwenye mkeka, Tanga, kwa dadu tulizozitoa kwenye ludo.

Neno lenyewe lilitutia matatani mapema. Siku ya kwanza nilitangaza kwamba kila mhusika atapata "kitu cha uchawi." Dada yangu akatokeza kichwa kutoka jikoni. "Kaka, mnacheza uchawi sebuleni kwangu?" Nilijaribu kujieleza nikashindwa, maana alikuwa na haki. Kwetu uchawi ni jina la ubaya: mchawi anadhuru, mganga anatibu, na huwezi kuwatia kapu moja kwa sababu tu wote wawili wanashughulika na yasiyoonekana. Wazungu wanaotunga michezo hii wana neno moja kwa yote hayo. Nikabadilisha, nikasema dawa. Hapo mpwa wangu mkubwa, bila kufundishwa na mtu, akauliza swali ambalo sijaliona limetiliwa uzito huo katika vitabu vya mchezo nilivyosoma: "Mjomba, masharti yake?"

Dawa haikosi masharti. Usivuke mto nayo, usile mlo fulani, usimwambie mtu, usigeuke nyuma. Upanga wa mchezoni, kwa kawaida, hauna. Unaongeza moja kwenye dadu, basi.

Mkondo wa Gygax na Arneson unamjenga mtu kuanzia tarakimu. Sifa sita, yaani nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na haiba, na kwa kila moja, katika toleo la mwanzo, ulirusha dadu tatu ukajumlisha. Vitu vya ajabu navyo vinatawaliwa kwa hesabu. Toleo la mwaka 2014 linavipanga katika madaraja matano, kuanzia vya kawaida hadi vya hekaya, na vile vinavyotaka kufungamana na mwenyewe, mhusika haruhusiwi zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Msimulizi anayetaka dunia yenye maajabu haba hushawishika kuendeleza hesabu hiyohiyo: badala ya vitatu, kimoja. Nilifanya hivyo na nikajuta. Nilimpa kijana mmoja upanga unaowaka moto, mmoja tu katika nchi nzima. Wiki tatu baadaye, mlango umefungwa, upanga. Mlinzi ana maswali, upanga. Wamefika mtoni hakuna mtumbwi, akauliza kama moto wa upanga unaweza kukausha maji. Kilikuwa kitu kimoja, na kilikuwa kimekula wahusika wote.

Mwandishi Tolkien ananipa jibu lililo karibu zaidi na la kisa cha Liyongo. Katika riwaya yake The Lord of the Rings, Merry, mmoja wa wasafiri, anapewa kisu kilichotolewa kaburini. Anatembea nacho kurasa mia kadhaa na hakifanyi lolote la ajabu. Halafu, vitani, anamchoma mfalme wa wale wapanda farasi weusi nyuma ya goti, na hapo tunaambiwa kwamba kisu kile kilifuliwa zamani na watu waliokuwa wakipigana na mfalme huyohuyo. Kimefanya kazi yake moja, kinateketea. Nayo pete, ambayo ndiyo kitu chenye nguvu kuliko vyote, inazidi kuwa nzito shingoni mwa Frodo anayeibeba, kila anavyosogea Mordor, nchi ya adui. Francesco Nepitello na Marco Maggi, walipotunga mchezo wa The One Ring uliotoka mwaka 2011, waliuchukua uzito huo kwa makini: silaha na deraya unazobeba zina kiwango cha mzigo, na nguvu zako zikishuka hadi kufikia kiwango hicho, umechoka, na dadu zako zinaanza kukutupa. Liyongo angeuelewa mchezo huo.

Kisu cha Merry kina ndugu yake Pate, nacho ni sindano ya shaba. Hakuna silaha iliyoweza kumwua Liyongo isipokuwa hiyo, tena kitovuni, tena siri hiyo anaijua mwenyewe na wachache. Sultani aliyetaka kumwua hakumtafuta mfua chuma. Alimtafuta mwana wa Liyongo, akamwahidi binti yake. Wamande wa Afrika Magharibi wana kisa cha mfano huo: Soumaoro, mfalme mchawi aliyepigana na shujaa wao Sundiata, haingiwi na chuma, lakini anaangushwa na mshale wenye kucha ya jogoo mweupe, na siri yake ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba yake. Angalia vitu vyenyewe. Sindano. Kucha ya jogoo. Ukiviorodhesha dukani hakuna atakayenunua. Nguvu yake yote imo katika nani anajua na nani atasema.

Na sindano si kitu ninachokipenda zaidi katika kisa hicho. Ninachokipenda ni tupa. Liyongo amefungwa gerezani, mamake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na kila siku walinzi wanakila kizuri. Basi linatoka agizo: oka mkate wa wishwa, tupa ndani yake. Walinzi wanaona wishwa, wanadharau, wanaupitisha. Nje ya gereza inapigwa ngoma ya gungu, matari na pembe, na chini ya kelele hizo Liyongo anakata pingu zake. Ukihesabu maajabu katika tukio zima unapata sifuri. Lakini kuna mama anayejua tabia ya walinzi, kijakazi anayebeba ujumbe bila kuuharibu, na mji mzima unaocheza bila kujua unamfichia nani sauti. Ndivyo ilivyo pia kwa kisa cha mti wa mkoma: wenziwe Liyongo walipanga wampige mishale atakapopanda kuangua makoma kwa zamu yake, yeye akavuta upinde akayaangusha akiwa chini.

Mchezo uliokaribia kujenga mtu wa namna hii ni Pendragon wa Greg Stafford, wa mwaka 1985, unaohusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Wachezaji wote ni wapiganaji wa farasi. Uchawi upo duniani lakini si mikononi mwao. Tabia zinaandikwa kwa jozi, 13 kwa jumla, na kila jozi lazima ifike 20: ukarimu wako ukiwa 15, uchoyo wako ni 5. Kisa kimoja ni mwaka mmoja. Ukija msimu wa baridi unarusha dadu kujua kama umeoa, kama mtoto kazaliwa, kama farasi wako kaishi. Mhusika anazeeka, anakufa, na unaendelea na mwanawe. Hapo ndipo upanga unapoanza kuwa na maana, maana ulikuwa wa baba.

Nikubali kwamba si kila kilicho cha Afrika ni cha maajabu haba. Mwindo wa Wanyanga, huko Kivu, mashariki ya Kongo, aliyeimbwa na Candi Rureke mbele ya Daniel Biebuyck mwaka 1956, anazaliwa akisema, akitembea, ameshika usinga unaoua na kufufua. Ni mhusika wa kumtia msimulizi yeyote wazimu. Hata hivyo watunzi wake walijua tatizo lake: mwishoni Nkuba, yaani Radi, anampandisha juu mbinguni mwaka mzima kwa kumwua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, na huko anapigwa na mvua, baridi na jua, na usinga aliozaliwa nao haumwokoi.

Mpwa mmoja alitaka kitu chake kiwe maji ya Kinjikitile, mganga wa Vita vya Maji Maji: ukipata sita, risasi inageuka maji. Nilikataa, na sikumweleza vizuri. Walioyapokea maji yale mwaka 1905 walikwenda mbele ya bunduki za Wajerumani, na wajukuu zao bado wanaishi Kilwa, Songea na Mahenge. Yapo mambo ambayo dadu haiyastahili.

Kwa hiyo safari hii hatukurusha dadu kwanza. Niliwapa kila mmoja ukurasa wa daftari na maswali machache: mhusika wako ni mtoto wa nani, kitu chako kimoja ni kipi, ulipewa na nani, masharti yake, na nani mwingine anaijua siri yako. Mkubwa alijaza pande mbili. Wa pili aliandika kisu kinachokataa kukata kamba aliyofunga mwenye njaa, nikampa hongera. Mdogo wao, wa miaka 12, alikuwa na mistari mitatu tu. Mwanaisha, binti wa seremala wa majahazi. Tupa, kapewa na bibi. Anayejua ni mama peke yake.

"Tupa si kitu," kaka yake akamcheka. "Haina hata dawa."

Hakumjibu. Alinigeukia mimi, kalamu bado iko juu ya daftari. "Mjomba, nikifungwa, Saada wangu ni nani?"