UZI: Kabla hujapigia makofi ahadi ya kiwanda cha magari ya umeme

1/ Kila msimu wa siasa Kenya, lazima mtu apande jukwaani aahidi kiwanda cha magari. Siku hizi ni magari ya umeme. Na lazima mwingine amjibu: "Wachana na hiyo, tulijaribu Nyayo ikatushinda." Wote wawili hupigiwa makofi. Mimi nadhani wote wawili wanairuka historia. Hebu tuipitie pole pole.

2/ Tuanze kabla ya Nyayo. Miaka ya 1970 tulipata viwanda vitatu: Leyland pale Thika, General Motors hapa Nairobi, na AVA kule Mombasa. Serikali ilikuwa na hisa ndani yake. Vipuri vilikuja kwa makreti, vikafungwa hapa, gari likatoka. Hiyo ni kuunganisha, si kuunda. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji.

3/ Lakini viwanda hivyo vilikuwa na kitu kimoja kikubwa: soko. Kuagiza gari zima kutoka nje kulibanwa na leseni na ushuru, kwa hivyo aliyetaka lori au basi jipya mara nyingi alinunua lililofungwa hapa.

4/ Mwaka wa 1986 rais wa wakati huo akaomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Wahandisi wa chuo wakashirikiana na karakana za Reli, Kenya Polytechnic na jeshi. Mwaka wa 1990, pale Kasarani, Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa umma. Magari ya majaribio yalikuwa matano, na yalifika kasi ya kilomita 120 kwa saa.

5/ Kwa hivyo anayesema "Wakenya walishindwa kuunda gari" anakosea. Gari liliundwa, na likatembea. Kilichoshindikana ni kuunda la elfu moja.

6/ Gari moja fundi hodari anaweza kulichonga. Magari elfu moja yanataka mashine za kukanyaga mabati, watu wa kukuletea vioo, breki na bearing kila wiki, vipuri vya miaka kumi ijayo, na pesa za kulipa mishahara kabla hujauza hata gari moja. Shirika la Nyayo Motor Corporation liliundwa kwa kazi hiyo. Pesa za kuzalisha kwa wingi hazikupatikana.

7/ Halafu angalia miaka yenyewe. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada kwa Kenya. Punde uchumi ukafunguliwa, na magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Hata viwanda vile vitatu vya kuunganisha vilibanwa. Gari jipya la Kenya lingemuuzia nani?

8/ Mashine hazikutupwa lakini. Shirika likageuzwa likawa Numerical Machining Complex, kule karibu na karakana za Reli, likabaki kutengeneza vipuri.

9/ Haya, turudi leo. Simama Westlands kando ya Waiyaki Way jioni, kati ya matatu zinazopiga honi kuelekea Kangemi na Kikuyu, na huenda ukaona basi linapita bila moshi. BasiGo ilianzishwa 2021, mabasi yake ya kwanza yakaanza kubeba abiria Nairobi 2022. Roam nayo ilianza 2017 ikiitwa Opibus. Ilianza kwa kubadilisha magari ya mafuta yawe ya umeme, kisha ikaingia kwa pikipiki na mabasi.

10/ Sasa sikia hii. Mabasi ya BasiGo yamekuwa yakiunganishwa Thika, kwa kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers. Unajua hicho ni kiwanda gani? Ni ile Leyland ya miaka ya 1970, ilibadilishwa jina tu. Karibu miaka 50 baadaye tuko kwa geti lile lile, na betri bado zinatoka Uchina. Si aibu, ndipo wengi huanzia. Lakini anayekuambia "tunaunda" wakati tunaunganisha, muulize ni sehemu gani hasa zinatoka hapa.

11/ Changamoto ya kwanza ni mnunuzi. Mwenye basi Nairobi si tajiri wa ghorofa. Mara nyingi ni mtu mwenye gari moja au mawili ndani ya SACCO, na mkopo wa benki kichwani. Basi la umeme ni ghali kwa sababu ya betri.

12/ BasiGo ilipoanza, ililitatua hivi: mwenye basi alipe milioni 5, halafu shilingi 20 kwa kila kilomita, betri, chaji na huduma zikiwa humo ndani. Ujanja mzuri. Lakini maana yake kampuni ya magari inageuka pia kuwa mkopeshaji, kituo cha mafuta na gereji, na inabeba gharama ya betri hadi irudi kilomita kwa kilomita. Huo mtaji si mdogo.

13/ Umeme wenyewe ndio habari njema. Mwaka wa 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, na usiku ni nusu ya bei ya mchana. Inaingia akilini: usiku tumelala, mvuke wa Olkaria haulali.

14/ Changamoto ya pili ni kodi, na hapa ndipo siasa iko. 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. 2023 VAT ya mabasi ya umeme ikawa sufuri. Mwaka mmoja tu baadaye, Mswada wa Fedha wa 2024 ukapendekeza kuiondoa hiyo sufuri.

15/ Ndiyo, mswada ule ule. Juni tulipokuwa Moi Avenue na Kimathi Street tukikohoa teargas, wengi tulikuwa tunazungumzia mkate. Hicho kifungu kilikuwa ndani pia. Mswada ukaondolewa. Lakini hebu jiweke kwa viatu vya mwenye kiwanda: unahitaji miaka kumi kurudisha pesa zako, na hesabu yako inaweza kufutwa kila Juni.

16/ Kwa hivyo Nyayo haikutufundisha kwamba hatuwezi. Ilitufundisha kwamba akili ya mhandisi haitoshi bila mtaji wa kungoja, soko la kununua, na sheria inayokaa mahali pamoja.

17/ Mwaniaji akija mtaani kwenu, Kawangware ama Lavington, akuahidi kiwanda, usimwulize kitakuwa wapi. Muulize: Nani atanunua, na kwa mkopo wa riba gani? Ni sehemu gani zitatengenezwa hapa? Na kodi utakayoweka mwaka wa kwanza, utaapa haitabadilika kwa miaka mingapi?

Akijibu yote matatu, hapo sasa mpigie makofi.