Dawa Kumfuata Mgonjwa: Sura ya Historia ya Tiba Katika Shinyanga na Geita

Mwezi Mei 1877 Dakta John Smith wa chama cha CMS alifariki kwa homa huko Kagei, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria. Alikuwa tabibu wa msafara wa kwanza wa wamisionari wa chama hicho kuelekea Buganda. Tarehe 8 Februari 1890 Alexander Mackay naye alikufa kwa homa huko Usambiro. Tunaanza na makaburi haya kwa sababu yanatukumbusha kwamba tiba ya hospitali iliingia Usukuma na Uzinza ikiwa dhaifu, miongoni mwa watu waliokuwa na bafumu wao, dawa zao na maelezo yao wenyewe kuhusu chanzo cha ugonjwa. Hata leo Kiswahili chetu humwita mganga yule wa mizizi na yule anayeongoza afya ya wilaya nzima. Mgonjwa wa kijijini haoni ajabu kuwaendea wote wawili, na mara nyingi humwanza yule aliye karibu.

Neno hilo, karibu, ndilo tunalokusudia kulichunguza. Misioni zilipoimarika zilijenga pale zilipopata ardhi, maji na ruhusa ya mtemi. Africa Inland Mission, iliyopokea kituo cha Nassa kutoka kwa CMS mwaka 1909, iliendesha huko Kola Ndoto, karibu na mji wa Shinyanga, hospitali na makazi ya wakoma ambayo jina la Dakta Nina Maynard halitenganishwi nayo. Ilikuwa kazi ya upendo, wala hatuna haki ya kuidharau. Lakini ilikuwa kazi iliyomngoja mgonjwa afike. Mwenye miguu alifika, na aliyekuwa na ndugu wa kumbeba kwa machela alifika pia. Wengine walifanana na yule mtu wa birika la Bethzatha, aliyekuwa mgonjwa kwa miaka thelathini na minane bila kuwa na mtu wa kumtia majini.

Serikali ya kikoloni nayo ilifikiri hivyo hivyo, kwa mkono mzito zaidi. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulizuka Maswa. Kutokana na vita dhidi ya mbung'o, Shinyanga ikawa makao ya utafiti ulioongozwa na C. F. M. Swynnerton hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Vichaka vilifyekwa na kuchomwa, na katika sehemu nyingi za nchi watu walioishi kwa kutawanyika walikusanywa kwenye makazi ya pamoja ili wapimwe na kutibiwa kwa urahisi. Wengi waliokoka. Hata hivyo, walioacha mashamba na makaburi ya baba zao hawakuulizwa. Mwaka 1974, operesheni ya vijiji ilipofika Mkoa wa Shinyanga, wazee hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuhamishwa kwa ajili ya huduma.

Tuseme kwa haki kwamba vijiji vilileta zahanati. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980, mpango wa dawa muhimu ulipeleka kila mwezi masanduku ya dawa kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali nchini kote. Sanduku lilifika, lakini mara nyingi dawa ziliisha kabla ya mwezi, na mganga wa zahanati alibaki na meza, daftari na maneno ya kufariji.

Ni katika zahanati za namna hiyo ndipo lilipofanyika jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijapata nafasi inayostahili katika masomo ya diakonia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na wataalamu kutoka London walichagua jumuiya kumi na mbili za vijijini katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo uliijumuisha Wilaya ya Geita. Kila jumuiya ilikuwa ni watu wanaohudumiwa na kituo kimoja cha afya pamoja na zahanati zake. Katika sita kati ya hizo, waganga waliokuwapo tayari walifundishwa kutambua magonjwa ya zinaa kwa dalili zake bila maabara, dawa zilipelekwa bila kukatika, wasimamizi waliwatembelea mara kwa mara, na wananchi walielimishwa. Haikujengwa hospitali mpya, wala hakuna kijiji kilichohamishwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Katika muda wa miaka miwili, walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 1.2 katika jumuiya zilizopata huduma hiyo, na asilimia 1.9 katika zile sita nyingine. Maambukizo mapya yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha asilimia 40. Gharama yake, kama ilivyokadiriwa baadaye, haikufikia nusu dola kwa kila mkazi kwa mwaka. Lazima tuongeze kwamba utafiti wa Rakai, Uganda, uliotangazwa mwaka 1999, ambako watu wote walipewa dawa za magonjwa hayo kwa vipindi, haukuona upungufu kama huo. Huko virusi vilikuwa vimekwisha kuenea zaidi. Basi tusiifanye Mwanza kuwa muujiza. Inatosha kuona kwamba zahanati iliyodharauliwa iliweza kuokoa watu mara ilipopewa dawa na mtu wa kuitembelea.

Kwa nini Kanisa lilisikia habari hii kwa sikio moja? Tunadhani jibu limo katika jina lenyewe. Tunaposema "magonjwa ya zinaa" tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kupima. Mke aliyeambukizwa na mumewe katika ndoa halali iliyobarikiwa madhabahuni hupewa ugonjwa na jina la dhambi asiyoitenda. Matibabu haya humtaka mgonjwa amlete mwenzi wake naye atibiwe. Lakini ikiwa muuguzi wa zahanati ya usharika anaimba kwaya moja na mama mkwe, na ikiwa kutengwa na Meza ya Bwana kunaweza kufuata, mgonjwa atakwenda mbali au atanyamaza. Umbali huo haupimwi kwa kilomita, na ni sisi tulioutengeneza.

Dhahabu imeugeuza mpango wote juu chini. Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifungwa mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Geita na Kahama kutoka kila pembe, wakafuatwa na wafanyabiashara, mama lishe, wasichana wa vilabu vya pombe, na wainjilisti. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji waliondolewa Bulyanhulu, na wengi wao wakaenda kutafuta mwamba mwingine. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2007 serikali ilianza mpango wa miaka kumi uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ni shabaha njema, lakini kambi ya wachimbaji si kijiji. Huzuka kwa mwezi mmoja mara uvumi wa dhahabu ukienea, nayo huweza kuhama kabla ramani ya zahanati haijachorwa. Humo mna vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kukaribisha kifua kikuu, mna zebaki inayochomwa jikoni karibu na watoto, na mna magonjwa yale yale yaliyochunguzwa Mwanza.

Ulutheri wenyewe ulifika sehemu hizi kwa kiasi kikubwa pamoja na wahamiaji kutoka Bukoba, Kilimanjaro na kwingineko, watu waliofuata kazi. Kwa hiyo kutembea na watu si desturi ngeni kwetu. Mara nyingi turubai la ibada husimama kambini kabla ya zahanati. Mwinjilisti aliye chini yake anajua nani anakohoa tangu Kwaresima na mama yupi ameficha kidonda, naye huitwa usiku kumwombea mgonjwa ambaye asubuhi angeweza kupanda pikipiki kwenda kutibiwa. Wale waganga wa zahanati za Mwanza walifundishwa kwa wiki chache. Katika vyuo vyetu mwinjilisti huyo hufundishwa kuzika, na bado hatujampangia hata juma moja la kukaa na mganga wa zahanati ajifunze ni mgonjwa yupi hapaswi kungoja kuche.