Bukura na Mlango wa Ziwa

Bukura ni mahali padogo katika nchi ya Kakamega, panapojulikana zaidi kwa chuo chake cha kilimo, ambacho asili yake ni shule ya serikali ya kikoloni ya miaka ya 1920. Vijana walifundishwa hapo kulima kwa plau, kutia samadi na kuchagua mbegu. Lakini mtu ajifunzaye kuvuna magunia kumi mahali alipozoea kuvuna matatu, hana budi kujiuliza: Je, haya saba yaliyozidi nitampelekea nani?

Jibu lilikuwa Kisumu. Reli kutoka Mombasa iliufikia ufuko wa Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence. Wakati huo nchi hiyo yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902. Meli zikaleta bidhaa za ng'ambo ya ziwa, na mji ukakua. Kwa watu wa Bukura, hata hivyo, mlango huo ulikuwa mbali, na mzigo ulikwenda kichwani. Tawi la reli lilipofika Butere mwaka 1930, ndipo mahindi yao yalipokaribiana na bahari.

Reli, lakini, haichagui abiria. Ilichukua mahindi, ikachukua na wanaume waliotafuta fedha za kodi katika mashamba ya chai ya Kericho na katika kazi za Nairobi, wakaachiwa wake zao jembe. Tena mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, wachimbaji wa Kizungu wakaja mbio. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba mwenyeji akiondolewa katika shamba lake atapewa ardhi nyingine. Mwaka 1932 ilibadilishwa, ili alipwe fedha tu. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka mitatu! Atakayeandika habari za maendeleo ya magharibi ya Kenya, na aitie hesabuni hasara hiyo pamoja na magunia.

Kisumu nayo haikusalimika. Mwaka huo huo wa 1931 reli ipitayo Eldoret ilifika Kampala, na shehena ya Uganda haikuwa na haja tena ya kuvuka maji. Nguvu zilirudi kidogo katika miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipoleta vivuko vya kubeba mabehewa. Kimoja kiliitwa Umoja, na kingine Uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali iligawanywa: Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Hakuna mshairi aliyepanga hivyo.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa mwaka 1999, na Uhuru ikarudi majini mwaka 2019, ikipeleka mafuta Uganda. Lakini gunia la mkulima wa Bukura huondoka shambani kwa baiskeli au pikipiki hadi barabarani, likangoje lori.