Mbolea ya Ruzuku Ubaruku: Kutoka Vocha hadi Simu

Hapa Ubaruku, wilayani Mbarali, mpunga hauendi bila mbolea. Wachina walipojenga shamba la Mbarali miaka ya 1970, likawa chini ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, wazee wetu walioingia mle kama vibarua walitoka wakijua majaruba, mifereji na urea. Baadaye ikaja mbegu ya Saro, na Saro bila mbolea ya kukuzia ni majani tu.

Vocha za ruzuku ya mbolea zilianza msimu wa 2008/09, bei ya chakula na mbolea ilipopanda dunia nzima. Nilikuwa kwenye kamati ya vocha ya kijiji. Kaya iliyopitishwa ilipata vocha za ekari moja: ya kupandia, ya kukuzia na ya mbegu. Karatasi ilibeba nusu ya bei, nusu nyingine ukatoa mfukoni, naye wakala wa pembejeo akapeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Nusu hiyo ya mfukoni ndiyo iliyotuumiza. Mjane hana fedha Januari, magunia yamekwisha. Anaweka dole gumba, anaiachia vocha kwa elfu chache, na mbolea inakwenda kwa mwenye majaruba mengi. Tuliyaona hayo kwa macho yetu.

Ila majina yalisomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti akitaja jina, mtu anasimama: "Huyo ana ekari ishirini, mtoeni!" Bibi mmoja nyuma anauliza mbona mkwewe hayumo. Jua linazama tunabishana bado, na daftari linafutwa na kuandikwa upya mbele ya watu wote.

Mpango ule ukaisha 2014. Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia akazindua ruzuku mpya Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Safari hii unajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji: jina, simu, zao, ukubwa wa shamba. Namba yako inakuja kwa ujumbe wa simu, ukifika dukani wakala anaiingiza kwenye mfumo. DAP, mbolea ya kupandia, iliyokuwa imepita shilingi 130,000 kwa mfuko wa kilo 50 tukainunua 70,000. Nafuu hiyo ilikuwa kubwa, na bei ilijulikana hata kwa mtoto aliyetumwa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunakodi mashamba. Mwaka huu unalima huku, mwakani ng'ambo ya mfereji, na ekari za kwenye mfumo ni za msimu uliopita. Kijana mmoja jirani yangu aliandikisha simu ya shemeji yake kwa kuwa yake ilikuwa mbovu. Shemeji akahamia Chunya na laini yake, msimu ukapita kijana hana namba. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna mahali jina lake liliposomwa.

Orodha ya kwenye mfumo ichapishwe, ibandikwe ofisi ya kijiji, isomwe kwa sauti mkutanoni. Nimelisema hilo mbele ya mtendaji, na nitalisema tena mwezi wa kumi, kabla mbegu hazijamwagwa kitaluni.