Hitilafu za chaji katika Land Rover Series III

Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, huchajiwa na alteneta inayozungushwa na mkanda wa feni. Alteneta za Lucas 16ACR (ampea 34) na 18ACR (ampea 45), zilizofungwa katika mengi ya magari haya, zina reguleta ndani yake. Gari la kawaida lina betri ya volti 12. Magari ya jeshi yenye redio yalikuwa ya volti 24, na vipimo vya hapa haviyahusu.

Gari likikataa kuwaka asubuhi, lawama huangukia betri. Mwenye gari hununua mpya, na baada ya muda mfupi nayo inalala, maana tangu mwanzo chaji haikuwa ikiingia. Mita humaliza ubishi. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka na mafuta yakikanyagwa kidogo, kipimo kwenye nguzo za betri hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, chaji haifiki. Kikipita 15, kwa kawaida reguleta imekufa, na betri itachemka na kukauka maji.

Mkanda uliolegea au kung'aa kwa kuteleza hushughulikiwa kwanza, kwa kuwa hauhitaji hata mita.

Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi inastahili heshima kuliko inavyopewa, kwani ni sehemu ya saketi yenyewe. Swichi ya ufunguo ikiwashwa, umeme wa betri hupitia kwenye balbu yake, ukafuata waya wa kahawia wenye mstari wa njano hadi kwenye rota, na kuipa usumaku wa kuanzia. Alteneta ikianza kuzalisha, volti za pande mbili za balbu hulingana na taa huzimika. Kwa hiyo balbu ikiungua, alteneta nzima kabisa yaweza isichaji, au ianze pale tu injini inapopigwa mafuta mengi. Taa isiyowaka kabla ya kupiga stata ni dalili ya kufuatilia balbu, waya huo, na brashi za kaboni zilizolika. Ikiwaka kwa mbali safarini, daiodi mojawapo imeharibika, au kuna kizuizi kwenye waya mnene wa kahawia uendao kwenye betri.

Kizuizi hicho hupimwa injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye kituo cha kutolea umeme nyuma ya alteneta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Kisha hupimwa kati ya bodi ya alteneta na nguzo hasi, ambako 0.2 ndiyo mwisho. Upande huu wa ethi ndio unaosumbua zaidi katika gari kuukuu: chesisi ya chuma hushika kutu chini ya nati, na aluminiamu ya bodi ya gari hulika inapogusana na chuma. Kiungo hufunguliwa, kikapigwa msasa hadi kimeremete, kikapakwa grisi baada ya kukazwa.

Kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka, ili kuona kama gari litazima, si kipimo. Volti huruka ghafla na kuunguza daiodi na reguleta zilizokuwa nzima.